Ngonjera, Mdahalo na Maandamano: Maoni ya Wanafunzi juu ya Siasa ya Nchi na ya Ulimwengu

Katika nchi yetu Chang'ombe zinazojulikana sana ni mbili. Moja iko Dar es Salaam, nayo ilipata sifa kwa chuo chake cha ualimu, ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Nyingine ni hii yetu ya Dodoma, mtaa wa makarani, mafundi, wachuuzi na wakulima waliohamia mjini, ambao sehemu yake kubwa ilijengwa na wenyeji wenyewe kabla ramani za wapimaji hazijaufikia. Mtu akianza kuzungumza habari za maoni ya wanafunzi juu ya mambo ya siasa, kisha akaitaja Chang'ombe, wasikilizaji hudhani moja kwa moja kwamba anaisema ile ya pwani. Hawana kosa. Historia ya wanafunzi wa Tanzania imeandikwa karibu yote kwa kusimama Dar es Salaam, na hasa kwa kusimama Mlimani kilipo Chuo Kikuu.

Sisi tunapenda kuitazama historia hiyo kutoka huku bara. Hatufanyi hivyo kwa wivu wa mtu wa mikoani, bali kwa sababu kutoka huku yanaonekana mambo mawili ambayo ukiwa karibu mno na Mlimani huyaoni. La kwanza ni kwamba wanafunzi walio wengi wa nchi hii hawakuyatoa maoni yao kwa maandamano, wala kwa majarida. Waliyatoa uwanjani mwa shule kwa njia ya ngonjera. La pili ni la lugha: ni maoni yapi yaliyosemwa kwa Kiswahili, na ni yapi yaliyosemwa kwa Kiingereza.

Tuanze na ngonjera, kwani asili yake ya siku hizi ni ya kwetu. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917, na kabla ya Uhuru alikwisha kuandika kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wa nchi wasaidie kuieleza siasa mpya kwa wananchi. Ndipo chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilipopata nguvu, na ndipo Mnyampala alipoishika ngonjera na kuifanya chombo cha mafunzo. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971, na kwa muda mfupi vikaenea katika shule za nchi nzima.

Muundo wake unajulikana na kila aliyepata kukaa darasani katika miaka hiyo. Wawili, au makundi mawili, husimama wakikabiliana na kujibizana kwa mashairi. Mmoja hajui, au anajua kwa kupotoka, mwingine anajua. Yule asiyejua huuliza, hulalamika, hubeza. Yule anayejua humjibu ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho wake wote wawili wanakubaliana na kuimba pamoja. Ni mazungumzo ambayo hatima yake imekwisha kuwekwa kabla mtu hajafungua kinywa. Lakini asidhani mtu kwamba kwa sababu hiyo yalikuwa matupu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima alisimama mbele ya watu wazima, mbele ya mwenyekiti wa tawi na mbele ya wageni kutoka wilayani, akanena kwa sauti juu ya bei ya mazao, juu ya makupe na wanyonyaji, juu ya Rhodesia na Msumbiji. Zamani mtoto hakuwa na nafasi hiyo. Akizungumza penye wazee aliambiwa anyamaze au akachunge ndama.

Tunakumbuka mazoezi ya ngonjera moja katika shule tuliyosoma, ambayo hatuna haja ya kuitaja jina. Ilikuwa katika miaka ya 1970, nayo ilihusu kuhamia vijijini. Mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishwa kwa wingi, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na kilichotangulia operesheni hiyo ni ukame na njaa. Mwenzetu mmoja alipewa sehemu ya mpinzani. Beti zake zilimwonyesha kuwa mtu wa kiza, anayependa porini kwa ujinga tu na kwa kuogopa jirani. Siku moja, katikati ya mazoezi, kijana yule aliacha alichoandikiwa akaanza kusema ya kwao: kwamba shamba la bibi yake lilikuwa karibu na zizi, limerutubishwa kwa samadi ya miaka mingi, kwamba huko kijijini walikopelekwa ardhi ilikuwa ngumu na maji yalikuwa mbali, kwamba makaburi ya wazee yalibaki nyuma bila mtu wa kuyafagia. Hakuyasema kwa vina wala kwa mizani. Aliyasema kama mtu anayesimulia.

Yule aliyekuwa akimjibu hakuwa na jibu, kwa sababu katika beti zake hapakuwa na samadi wala makaburi. Mwalimu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba tufuate kilichoandikwa, maana siku zimekwisha na wageni wanakuja. Siku ya sherehe kijana alifuata kilichoandikwa, akashindwa vizuri, na watu wakapiga makofi.

Tumelisimulia jambo hili si kwa kuwalaumu walimu, ambao wengi wao walihamishwa pamoja na wanakijiji na kulala nyumba zile zile. Tunalisimulia kwa kuwa linaonyesha kitu ambacho ngonjera ilikikaribia sana, kisha ikakikosa. Vyote vilikuwapo: lugha ya wote, hadhira ya wote, na jambo lililomgusa kila mmoja. Kilichokosekana ni nafasi ya mpinzani kuwa na hoja.

Mambo ya nje nayo hayakuwa mbali na wanafunzi wa kwetu, kama wengine wanavyofikiri. Mashariki ya mji wa Dodoma iko Kongwa, mahali ambapo serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukashindwa na kuachwa mwaka 1951. Katika eneo hilo, tangu mwaka 1964, wapigania uhuru walipewa makambi: FRELIMO kwanza, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO, MPLA na ZAPU. Samora Machel alipata kuwa Kongwa, na Sam Nujoma pia. Kwa watu wa maeneo haya, ukombozi wa Kusini mwa Afrika haukuwa habari ya redio tu. Walikuwapo watu wenye majina mageni waliokuja sokoni, waliojifunza maneno mawili matatu ya Kigogo, waliocheza mpira na vijana, na baadhi yao waliooa. Mwalimu wa siasa aliposema darasani kwamba uhuru wetu hautakamilika mpaka Afrika nzima iwe huru, walikuwamo watoto waliomwelewa kwa sura za watu waliowajua.

Kwa hiyo tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto walipotoka madarasani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana na kupigwa risasi na polisi wa makaburu, habari hizo ziliwagusa wanafunzi wa sekondari wa huku kwa namna ya pekee. Hawa hawakuwa wapiganaji wala viongozi wa vyama. Walikuwa wanafunzi, wenye sare na madaftari. Hoja hiyo ilijadiliwa katika midahalo ya shule, na baadaye ilijadiliwa tena wakati vijana waliokimbia kutoka huko walipofika Mazimbu, Morogoro, ambako ANC ilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979.

Hapa ndipo tunapofika kwenye mdahalo. Mdahalo wa sekondari ulikuwa kinyume cha ngonjera karibu kwa kila jambo. Palikuwa na mwenyekiti na mtunza wakati. Palikuwa na mtoa hoja na mpinga hoja. Na mwisho kura zilihesabiwa. Upande wowote uliweza kushinda. Tuliwahi kuona hoja ikitetewa na mtu asiyeiamini hata kidogo, akaitetea mpaka wale walioiamini wakaona aibu kwa udhaifu wa maneno yao. Mafunzo ya namna hiyo ni makubwa, maana humzoesha kijana kusikia jambo asilolipenda likisemwa vizuri.

Lakini mdahalo huo uliendeshwa kwa Kiingereza. Aliyeteleza akatamka neno la Kiswahili alizomewa. Wanafunzi waliosimama kuwatetea watoto wa Soweto waliokataa lugha ya mtawala waliwatetea kwa lugha ya mtawala mwingine, na walio wengi walikaa kimya, si kwa kukosa maoni, bali kwa kukosa maneno. Yafaa tuseme kweli yote: watoto wa Soweto hawakuwa wakikikataa Kiingereza, waliona Kiafrikana kuwa ndicho kifungo, na Kiingereza wengi wao walikiona kuwa mlango. Hata hivyo swali lao lilikuwa lile lile ambalo shule zetu hazikujiuliza, yaani mtoto afikiri kwa lugha gani.

Matokeo yake ni haya. Katika nchi iliyojivunia, kwa haki kabisa, kuwa na lugha moja ya taifa, swali lililofungwa liliulizwa kwa Kiswahili na swali lililo wazi liliulizwa kwa Kiingereza. Mama wa Chang'ombe aliyekwenda shuleni kumsikiliza mwanawe alisikia ngonjera. Mdahalo hakualikwa, na kama angealikwa asingeambulia kitu.

Waliopanda kutoka midahalo hiyo hadi Mlimani walikwenda na desturi hiyo, na ndiyo maana historia ya maandamano ya wanafunzi haiwezi kueleweka vizuri bila kuitazama lugha yake.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka 1966 serikali ilitaka wahitimu wa elimu ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu na wengine wa vyuo vya jirani, waliandamana hadi Ikulu. Walivaa majoho ya chuo. Walisoma tamko lao kwa Kiingereza mbele ya Rais na mawaziri, na mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali.

Majoho yale na bango lile viliwamaliza. Mwalimu aliwajibu kwa hasira inayokumbukwa mpaka leo, akawarudisha makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea chuoni mwaka uliofuata. Lakini katika hasira ile ile alikubali sehemu moja ya lawama yao, kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, na akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na, mwezi Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea. Wanahistoria wengi huona uhusiano kati ya mambo hayo, nasi twauona. Wanafunzi wale walikuja kudai haki yao ya kunufaika. Walichokisababisha, bila kukusudia, ni taifa kuuliza nani anufaike.

Mwananchi wa kawaida hakuwa upande wao. Angekuwaje? Tamko lao hakuwahi kulisikia kwa lugha yake. Aliyoyasikia kwa Kiswahili yalikuwa majibu ya Rais. Mwaka 1967 vijana wengine waliyatoa maoni yao kwa miguu, kwa matembezi marefu ya kuliunga mkono Azimio, na kijana Seti Benjamin akafia njiani. Jina lake limepewa shule. Majina ya wale wa mwaka 1966 hayakupewa kitu, ingawa wengi wao waliitumikia nchi kwa uaminifu baadaye.

Waliofuata Mlimani walikuwa watu wa namna nyingine. Mwaka 1967 kiliundwa chama cha wanafunzi wa kimapinduzi wa Afrika, kilichojulikana kwa herufi USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Walifundishwa na kuchochewa na walimu kama Walter Rodney wa Guyana. Baadhi yao walikwenda Msumbiji kuyaona kwa macho maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Mwezi Novemba 1969 walianza kutoa jarida lao, wakaliita Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Katika jarida hilo mwaka 1970 ilitoka makala ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka yanayoendelea kimyakimya nchini, nayo ilithubutu kusema kwamba kutaifisha peke yake hakujauleta ujamaa, na kwamba tabaka jipya la watu wa ofisini lilikuwa likijijenga juu ya mgongo wa mkulima. Mwezi Novemba 1970 jarida lilipigwa marufuku na chama kikafutwa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina Cheche limeigwa kutoka nje, kwa gazeti la Lenin. Wanafunzi walianzisha jarida jingine chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna mtu aliyeweza kulishtaki kuwa la kigeni.

Tunaliheshimu sana jarida lile. Lakini hatuwezi kuficha kwamba neno la Kiswahili lililosomeka vizuri zaidi ndani yake lilikuwa lile lililoandikwa juu ya jalada. Makala zake zilikuwa za Kiingereza, na cha kitabuni. Mkulima aliyetetewa humo hakuweza kujua kwamba anatetewa. Jarida lilipofungwa, huku Chang'ombe hapakuwa na mtu wa kulisikitikia, maana halikuwahi kufika.

Mfano wa kinyume haukuwa mbali. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Uliandikwa kwa Kiswahili, mfupi, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, ufujaji na uonevu. Maandishi hayo yalisomwa viwandani kwa sauti. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi waliyashika mkononi na kuwauliza mameneja wao maswali, wakagoma, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walimfungia nje mwenye mali. Hakuna mwanafunzi aliyewafundisha. Chuo Kikuu chenyewe, mwezi Julai 1971, mgogoro ulipotokea juu ya uendeshaji wa chuo, rais wa wanafunzi Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia barua ya wazi makamu mkuu wa chuo, Ndugu Pius Msekwa, na nguvu ya barua ile ilitoka katika Mwongozo. Polisi wenye silaha walikuja kumchukua, na wanafunzi wakasusia masomo. Tofauti yake na mwaka 1966 ni kubwa. Safari hii kila mtu aliyejua kusoma aliweza kupima mwenyewe kama kilichotendeka kinalingana na kilichoandikwa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamuru kwamba vijana wasiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shule. Waende kwanza kazini, na wanapoomba nafasi wawe na maoni mazuri ya wakubwa wao wa kazi na ya tawi la chama. Nia ilikuwa kukomesha kiburi cha majoho. Matokeo yake yalionekana tarehe 5 Machi 1978. Bunge lilikuwa limepitisha nyongeza ya mishahara na marupurupu kwa wabunge na mawaziri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, pamoja na wa Chuo cha Ardhi na Chuo cha Maji, waliandamana kupinga. Zaidi ya 300 walifukuzwa, na chama chao kikavunjwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, chini ya mrengo wa vijana wa Chama cha Mapinduzi.

Hebu tuyatazame mambo haya kwa makini. Mwaka 1966 wanafunzi walikataa kupunguziwa mshahara wao. Mwaka 1978 walikataa viongozi kuongezewa wa kwao. Mwaka 1966 walikuwa vijana waliotoka bwenini. Mwaka 1978 wengi wao walikuwa watu wazima, walimu na makarani wenye watoto, ambao matawi ya chama yalikuwa yamewapitisha kwa barua. Chama kilikuwa kimechagua chenyewe watu waliolielewa Azimio la Arusha, nao wakaonyesha kwamba wamelielewa. Adhabu ilikuwa karibu ile ile.

Mmoja wa waliofukuzwa katika vyuo vile alirudi mtaani kwetu na sanduku lake la bati. Alikuwa mtu mzima, amekwisha kufundisha miaka kadhaa. Majirani walikuja kumpa pole, kama desturi, kwa kudhani kuna msiba. Aliwaeleza kilichotokea kwa Kiswahili, akiwa ameketi juu ya kigoda, kwa muda usiozidi kuchemka chai. Mzee mmoja mfugaji alimwuliza, "Kwa hiyo mlisema wakubwa wasijiongezee posho wakati sisi tunapanga foleni ya sukari?" Akajibu kwamba ndivyo. Mzee akasema, "Sasa kosa ni lipi?" Hatukumbuki kama alijibiwa. Tunachokumbuka ni kwamba swali lile lilizunguka mtaani kwa wiki nzima, kwenye vilabu vya pombe na kwenye foleni zenyewe, na kwamba hakuna mtu aliyesema kuwa wanafunzi wana majivuno.

Katika miaka iliyofuata tume iliyoongozwa na Jackson Makweta iliyachunguza mambo ya elimu, na mwaka 1982 ikapendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sababu nyingi zilitolewa, za vitabu, za istilahi, za mawasiliano na ulimwengu. Hatutazirudia; zimejibiwa na wataalamu wa lugha mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Sisi tunaongeza moja tu ambayo haikutajwa sana: kwamba uamuzi ule uliuacha mdahalo wa wazi mahali pake pa zamani, nyuma ya ukuta ambao mzazi haupandi.

Tangu hapo Dodoma imebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukakaa katika karatasi kwa zaidi ya miaka 40, na ukaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2016. Mwaka 2007 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye vilima vya Chimwaga, ambako chama kilikuwa na ukumbi wake wa mikutano mikuu. Mwaka huo huo, mahali ilipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi wa Mvumi, pakaanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Wanafunzi waliotoka Mlimani mwaka 1966 walikuwa na safari ya kilomita nyingi hadi mlangoni pa mwenye mamlaka. Wa Dodoma leo wanaishi mji mmoja na Bunge.

Ukaribu huo haukumaanisha kwamba wanasikilizana. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda mfupi sana, na tarehe 30 Mei kikao cha Bunge kilivurugika kwa sababu wabunge wa upinzani walitaka jambo hilo lijadiliwe na wakakataliwa. Mapema mwaka huo ilikuwa imetangazwa kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge. Vijana wale walikaa stendi na mabegi yao, wakisimulia wapitanjia kwa Kiswahili. Waliosikilizwa kwa makini zaidi, kwa ushahidi wa macho yetu, walikuwa wale waliosimulia bila kulia.

Wapo wanaosema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana maoni, kwamba kitu pekee kinachowatoa vyumbani ni kuchelewa kwa bumu. Neno hilo la bumu, kwa fedha za kujikimu, ni la zamani kuliko Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, na malalamiko hayo ni ya zamani vilevile. Hatukubaliani nayo. Anayekopa ili asome, na anayejua kwamba deni litamfuata mpaka kazini ikiwa kazi itapatikana, akiuliza habari za fedha hiyo anauliza swali la siasa. Tena wanayazungumza ya Kongo, ya Palestina na ya Sudan kwa wingi wa habari ambao sisi, tuliongojea taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hatukuuota. Wanayazungumza kwa Kiswahili, chenye matani na vionjo vyake. Wakiingia darasani au kwenye mdahalo rasmi hukiacha mlangoni.

Mwaka jana kijana mmoja wa sekondari, jirani yetu hapa Chang'ombe, alikuwa akijiandaa kwa mdahalo wa shule. Hoja ilihusu kama kijana apewe ardhi na serikali au ajitafutie. Alikuwa akikariri kwa sauti, kwa Kiingereza, nje ya nyumba, na bibi yake anapepeta mtama. Bibi alimwuliza anasoma dua gani. Kijana alicheka, kisha akamfasiria hoja yake yote kwa Kiswahili, pointi moja baada ya nyingine. Bibi, ambaye alikuwa msichana wakati wa Operesheni, aliuweka ungo chini. Alimwuliza ardhi hiyo ya kugawa itatoka kwa nani, na huyo wa mwanzo atapelekwa wapi, na maji ya huko yakoje. Kijana alifungua daftari lake akatafuta. Hayakuwamo.